Mtoto, Mti na Lugha: Kiswahili Kisigeuzwe Diski Mpya

Katika madarasa mengi ya chekechea nchini Kenya, ukuta huwa umebandikwa chati ya alfabeti ya Kiingereza ambapo herufi ya kwanza huandamana na picha ya tufaha. Mtoto wa Garsen aliyekulia chini ya miembe kandokando ya Mto Tana hukariri jina la tunda ambalo pengine hajapata kulionja, ilhali jina ambalo nyanya yake huliitia embe halimo popote ukutani. Tufaha halina kosa lolote. Kosa limo katika mafunzo mawili ambayo mtoto huyu huyapokea bila ya mwalimu kukusudia: la kwanza, kwamba vitu vinavyostahili kusomwa haviko kwao, la pili, kwamba maneno ya mama yake hayafai kutumiwa mahali panaposomwa. Mafunzo haya mawili kwa hakika ni funzo moja. Anayefunzwa kuidharau lugha ya kwao hufunzwa wakati uo huo kutovitazama vilivyoko kwao.

Makala haya yanadai kwamba elimu ya watoto wadogo haiwezi kulea moyo wa kuyatunza mazingira na kuijali jamii iwapo itaendelea kutolewa kwa lugha ambayo mtoto hawezi kuulizia swali. Yanadai pia kwamba Kiswahili, lugha ambayo wasomaji wa jarida hili wamejitolea kuisoma na kuifundisha, kina wajibu mkubwa katika suala hili, na kwamba wajibu huo si wa kuzinyang'anya lugha nyingine nafasi zao. Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kukitetea mbele ya Kiingereza. Ni nadra kwao kujiuliza Kiswahili kinasimama wapi mbele ya Kipokomo, Kidigo, Kitaita au Kiturkana katika darasa la mtoto wa miaka minne.

Suala lenyewe si geni. Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha ripoti iliyosisitiza kwamba lugha bora ya kumwanzishia mtoto masomo ni lugha yake ya mama. Hata hivyo, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, Kiswahili kifunzwe kama somo, nazo lugha za kiasili zitengewe kipindi cha kusimulia hadithi. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilibadilisha mwelekeo huo kwa kupendekeza kwamba katika madarasa matatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo shule iliko. Vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, vilivyojulikana kwa ufupi kama TKK, vilitayarishwa katika lugha kadhaa za Kenya ili kuisaidia sera hiyo. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 uliurudia msimamo uo huo. Baina ya Gachathi na mtaala huo imepita zaidi ya miaka 40, na sera imesalia kuwa nzuri katika karatasi. Katika shule nyingi, hasa zile zinazojinadi kwa wazazi, Kiingereza kingali ndicho mlango wa kuingilia.

Ukiuchunguza mtaala huo kuhusu madarasa ya chini, utaona jambo la kutia moyo na la kusikitisha kwa pamoja. Ratiba ina Shughuli za Lugha za Kiasili na ina Shughuli za Mazingira. La kutia moyo ni kwamba zote mbili zimo. La kusikitisha ni kwamba hazikutani. Kipindi cha lugha ya kiasili, pale ambapo hakijamezwa na hesabu au Kiingereza, hupita kwa salamu na majina ya jamaa. Kipindi cha mazingira nacho hupita kwa kutaja kwa Kiingereza sehemu za mmea uliochorwa ubaoni, wakati mmea wenyewe umesimama nje ya dirisha. Laiti mwalimu angeviunganisha vipindi hivi viwili na kuwatoa watoto nje, angegundua kwamba anafundisha somo moja.

Ushahidi wa uhusiano huu unapatikana katika maisha ya Mkenya aliyetambuliwa duniani kote kwa utunzaji wa mazingira. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, anasimulia katika tawasifu yake, Unbowed, ya mwaka 2006, jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, na jinsi alivyokuwa akicheza na mayai ya vyura katika kijito kilichokuwa karibu na mti huo kule Nyeri. Baadaye, baada ya kusomea sayansi, alikuja kuelewa kwamba mizizi ya mugumo ilikuwa ikiishikilia ardhi na kusaidia maji kububujika. Katazo la mama lilikuwa na elimu ndani yake, na elimu hiyo ilitolewa kwa Kikuyu, kwa maneno machache ambayo mtoto aliweza kuyaelewa na kuyahifadhi.

Mama huyo huyo wa mazingira anaeleza katika kitabu hicho namna alivyokuta shuleni desturi ya kumvisha kidude cha aibu mwanafunzi aliyepatikana akizungumza lugha ya mama. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o naye ameieleza desturi hiyo kwa uchungu katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986. Vizazi kadhaa vya Wakenya vinakijua kidude hicho kwa jina la diski. Mwenye kuvaa diski alilazimika kumvizia mwenzake, amsikie akiteleza, kisha amkabidhi mzigo huo. Madhara yake yalizidi yale ya lugha. Diski ilimfunza mtoto kumchunguza jirani yake ili amshtaki, kinyume kabisa na ujirani uliomlea. Ni vigumu kuitazamia shule ya namna hiyo ilee moyo wa kuijali jamii.

Je, lugha inahifadhi nini hasa kuhusu mazingira? Hapana haja ya kwenda mbali, kwani Kiswahili chenyewe kinatoa mfano. Mtoto wa pwani hupitishwa katika maisha ya tunda moja kwa maneno matano: kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Kila neno linamwambia la kufanya na lile la kutofanya. Anayelijua neno kitale anajua pia kwamba tunda hilo halijafikia kuangushwa. Vivyo hivyo, mvuvi hutofautisha bamvua na maji mafu, na baharia hutofautisha kaskazi na kusi, si kwa kupenda mapambo ya maneno bali kwa sababu maisha yake yanategemea tofauti hizo. Kiingereza kina neno moja la jumla kwa miti inayoota katika maji ya chumvi. Mswahili wa Lamu, eneo lenye zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko nchini Kenya, huutofautisha mkoko wenyewe na mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, na hujua upi hutoa boriti na upi husimama mstari wa mbele kukabili mawimbi. Mtoto anayefunzwa neno moja la jumla ataona msitu mmoja. Mtoto anayefunzwa majina sita ataona miti sita yenye kazi sita.

Ikumbukwe kwamba jina pekee haliulindi mti. Mikoko imekatwa na watu waliojua majina yake yote, na umaskini una nguvu kuliko msamiati. Lakini ni muhali kumwomba mtoto akilinde kitu ambacho hakijui wala hana neno la kukiitia. Jina ni mwanzo wa kutazama, na kutazama ni mwanzo wa kujali. Kinachohitajika baada ya hapo ni vitendo na jamii inayotenda pamoja na mtoto. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiipanda na kuilinda mikoko, huku fedha zitokanazo na kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo zikisaidia huduma za maji na shule. Darasa la chekechea lililo karibu na ufuo kama huo halikosi maabara wala mwalimu msaidizi. Linakosa tu ruhusa ya kutoka nje na kuzungumza lugha ya watu wanaofanya kazi hiyo.

Yaliyowapata Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, yanatoa funzo kutoka upande wa pili. Jamii hii iliishi kwa uwindaji na asali. Katika karne ya 20 walianza kufuga mifugo kama majirani zao, na pamoja na maisha hayo mapya wakaichukua lugha ya Kimaasai. Mwanzoni mwa karne hii, waliokuwa bado wanaikumbuka lugha ya Kiyaaku walikuwa wazee wachache mno. Wayaaku hawakukosa lugha, kwani Kimaasai ni lugha tajiri yenye maarifa mengi ya malisho na mifugo. Hata hivyo, maarifa ya nyuki, maua na mashimo ya miti katika msitu ule yalikuwa yamefumwa ndani ya Kiyaaku, na lugha ilipoondoka, sehemu ya maarifa hayo haikupata pa kukaa. Jambo hili lilitukia bila ya Kiingereza kuhusika moja kwa moja. Lugha ya Kiafrika iliimeza lugha nyingine ya Kiafrika. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulitafakari jambo hilo kwa makini, maana Kiswahili kina uwezo mkubwa zaidi wa kumeza.

Mbali na mazingira, kuna hoja ya malezi. Elimu inayomweka mtoto katikati huanza na swali la mtoto. Mtoto wa miaka minne huuliza bila kuchoka: mbona jongoo hujikunja, maji ya mto yanakwenda wapi, nani aliyemfunza kozi kuruka. Mtaala wa Umilisi umejengwa juu ya udadisi huo. Lakini anapoingizwa katika lugha asiyoijua, mtoto huyo hunyamaza. Hana maneno ya kuulizia. Kinachobaki ni kuitikia kwa pamoja yale yanayosemwa na mwalimu, na mgeni anayepita nje ya darasa hudhani kwamba watoto wale wanafahamu kwa sababu sauti zao ni kubwa. Hakuna mbinu ya kisasa, hata iwe na vifaa vya aina gani, itakayolitibu darasa ambalo mtoto hawezi kuuliza swali. Lugha anayoijua ndiyo kifaa chake cha kwanza, na huja nacho shuleni bila ya serikali kugharimia chochote.

Wanaosoma fasihi simulizi wanalijua hili kuliko wengine. Kitendawili ni njia ya kufundishia inayomlazimisha mtoto atazame kabla ya kujibu. Anayetegewa kwamba kuku wake katagia mibani hawezi kulitaja nanasi kama hajapata kuliona likiwa limekaa katikati ya majani yake yenye miba. Anayetegewa nyumba yenye nguzo moja hawezi kuutaja uyoga ikiwa hajawahi kuinama na kuutazama. Kila jamii ya Kenya ina hazina yake ya vitendawili, nyimbo za watoto na michezo, na sehemu kubwa ya hazina hiyo huwahusu wanyama, mimea, mvua na mito. Hazina hiyo ndiyo vitabu vya kiada vya chekechea ambavyo havijachapishwa.

Zipo jitihada zilizowahi kuufuata mkondo huu. Kituo cha Taifa cha Elimu ya Watoto Wadogo, NACECE, kilipoanzishwa mwaka 1984, walimu wa chekechea katika wilaya mbalimbali walihimizwa kukusanya hadithi na nyimbo za lugha za maeneo yao na kutengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana karibu nao. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, huko Mombasa, ulianza mpango wa chekechea za madrasa ulioungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan, kisha ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Mpango huo uliwafunza wanawake wa mitaa ile ile kuwa walimu, ukazishirikisha kamati za wazazi katika uendeshaji, na ukatumia vifaa vya gharama nafuu kutoka katika mazingira ya watoto. Jitihada hizi zinathibitisha kwamba elimu ya namna hii haihitaji utajiri. Inahitaji imani kwamba jamii ina kitu cha kufundisha.

Tatizo jingine ni namna shule zinavyoyahusisha mazingira na adhabu. Katika shule nyingi, mwanafunzi aliyechelewa hufyeka nyasi, aliyepiga kelele huteka maji ya kunyunyizia miche, na aliyefeli mtihani hulima shamba la shule. Mtoto hujifunza kwamba udongo ni mahali wanapopelekwa wakosaji. Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alinuia shule iwe jamii inayofanya kazi na kujifunza kutokana na kazi hiyo. Lakini kazi ikitenganishwa na maarifa, hata fikra njema kama hiyo hugeuka kuwa shokoa. Serikali ya Kenya ilijiwekea mwaka 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Ni lengo zuri. Lakini mche uliopandwa na mtoto anayeijua kazi hiyo kama adhabu, na asiyejua jina la mche huo katika lugha yoyote, utamwagiliwa na nani pindi wageni na wapiga picha wakiondoka?

Wapo watakaopinga, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni ya wazazi. Mzazi wa kijijini anayeuza mbuzi ili amlipie mwanawe karo ya shule ya Kiingereza si mjinga. Ameona kwamba mitihani mingi huandikwa kwa Kiingereza, mahojiano ya kazi hufanywa kwa Kiingereza, na aliyekikosa hubaki nyuma. Kumhubiria mzazi huyo kuhusu fahari ya lugha ya mama bila ya kumjibu hofu yake ni kumkejeli. Jibu lake ni kwamba lugha ya kwanza haiichelewi lugha ya pili. Mtaalamu Jim Cummins alieleza tangu mwaka 1979 kwamba maarifa na stadi ambazo mtoto amezipata katika lugha moja humsaidia katika lugha nyingine anapoendelea kujifunza. Mtu hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Aliyejua kusoma kwa Kikamba hahitaji kuanza upya kwa Kiingereza, bali huongeza maneno na sauti. Aliyefunzwa kusoma kwa lugha asiyoielewa hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na wengi huitua yote miwili. Kwa hivyo mzazi haambiwi achague baina ya lugha. Anaambiwa kwamba zipo hatua, na kwamba Kiingereza atakachokipata mwanawe kitakuwa imara zaidi kikijengwa juu ya msingi ambao tayari upo.

Hoja ya pili ni ya miji. Darasa moja la Kawangware au Changamwe huweza kuwa na watoto kutoka jamii kumi. Mwalimu atumie lugha gani? Sera yenyewe inakubali kwamba katika maeneo hayo lugha ya eneo ni Kiswahili, na hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na kazi isiyoweza kufanywa na lugha nyingine. Lakini hata mjini, Kiswahili kinaweza kufundishia bila ya kuwafunga midomo wengine. Siku mvua inaponyesha, mwalimu huweza kumwomba kila mtoto alete kutoka nyumbani neno lao la mvua. Darasa litakuwa na maneno kumi ya kitu kimoja, na watoto watajifunza kwamba jirani anayesema neno tofauti anaikimbia mvua ile ile. Katika nchi iliyoshuhudia mauaji ya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, funzo hilo lina thamani kubwa. Wanaohofia kwamba lugha za mama huchochea ukabila wanafaa kukumbuka kwamba ukabila haukuletwa na watoto kusikia lugha za wenzao, bali umestawi miongoni mwa watu wazima ambao wengi wao hawajapata kujifunza hata salamu za jirani. Mtoto anayekuja na Sheng' naye asizomewe. Aanzie hapo alipo, kisha mwalimu amwongoze taratibu hadi kwenye Kiswahili sanifu.

Hoja ya tatu inahusu walimu na vitabu, nayo ndiyo nzito zaidi. Mwalimu hupelekwa mahali asipojua lugha yake. Lugha nyingi hazina vitabu vya kutosha, na nyingine zina mahitilafu ya tahajia. Hoja hii ni ya kweli, lakini inahusu maandalizi, si msingi wa sera. Katiba ya mwaka 2010 iliwapa magavana na serikali zao za kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Kaunti inayoajiri walimu wake wa chekechea ina nafasi nzuri ya kuwaajiri wanaoijua lugha ya watoto. Aidha, Ibara ya 7 ya Katiba hiyo inaitaka serikali kulinda na kukuza lugha za wananchi, na Ibara ya 69 inaitaka kulinda maarifa ya kiasili kuhusu viumbe hai na kufikisha miti kiwango cha angalau asilimia kumi ya ardhi ya Kenya. Ibara hizi mbili husomwa na watu tofauti katika wizara tofauti. Chekechea ndipo mahali zinapoweza kutekelezwa pamoja.

Hapa ndipo wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili unapojitokeza. Ipo hatari kwamba ushindi wa Kiswahili dhidi ya Kiingereza utachukuliwa kuwa ushindi wa lugha zote za Kiafrika. Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu miaka ya 1960, mafanikio yanayostahili kuonewa fahari. Lakini lugha nyingine zaidi ya mia moja za nchi hiyo hazikupewa nafasi katika darasa hilo, na mtoto aliyetoka kwa wafugaji akizungumza lugha yao tu aliingia shuleni kama mgeni. Kenya ina fursa ya kuyachukua mafanikio hayo bila ya kuirudia kasoro hiyo. Mwalimu wa Kiswahili anayemcheka mtoto kwa lafudhi ya Kiluo au Kimeru, au anayeiita lugha ya mtoto "kilugha" kwa dharau, amelitoa diski la zamani kabatini na kuliandika jina jipya.

Kiswahili chenyewe hakikukua kwa kudharau. Kimekula chumvi ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza, na kimechota pia kwa ndugu zake wa Kibantu. Neno ngeli, ambalo hakuna mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anayeweza kuliepuka, limetokana na Kihaya. Itakuwa ajabu iwapo lugha iliyoazima hata jina la mhimili wa sarufi yake kutoka kwa lugha nyingine ya Kiafrika itaziona lugha hizo kuwa hazina la kuipa. Iwapo Kiswahili kinahitaji majina ya mimea ya nyanda za juu, ya nyasi za Turkana au ya samaki wa Ziwa Victoria, majina hayo yapo tayari vinywani mwa watu.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza kazi bila ya kungoja wizara. Wakati wa likizo, kila mwanachama anaweza kukaa na wazee wa kwao na kuandika majina ya mimea 20, matumizi yake na miiko yake, kwa lugha ya kwao na kwa Kiswahili. Chama chenye wanachama 50 kitarejea na majina 1,000, ambayo ni msingi wa vijitabu vya chekechea vyenye lugha mbili au tatu ukurasa kwa ukurasa. Wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kuzitafiti nyimbo na vitendawili vya watoto kama mbinu za kufundishia mazingira badala ya kuirudia kwa mara ya 30 dhamira ya ndoa katika riwaya zile zile. Wahadhiri wanaoandaa walimu wanaweza kuwafunza namna ya kuendesha darasa lenye lugha nyingi, stadi ambayo mwalimu wa Kenya huihitaji kila siku na ambayo ni nadra kuipata chuoni. Wazee wa Kaya za Wamijikenda, misitu iliyotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, bado wapo, nao wanayo mengi ya kuwaambia watoto kuhusu kwa nini mti fulani haukatwi. Kinachokosekana ni wa kuwaalika.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa muda mrefu methali hiyo imetumiwa kuhalalisha ukali, ilhali inaweza kusomwa kama onyo kwa watu wazima: umri wa kukunjika ni mfupi, na anayeupoteza kwa kumkaririsha mtoto asiyoyaelewa hataupata tena. Kipimo cha mafanikio kisiwe kigumu. Mtoto anapofika Gredi ya Nne, aweze kuitaja miti mitano ya kwao kwa lugha ya nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, aeleze kila mmoja unafaa nini, na awe ameulea mmoja kwa mikono yake tangu chekechea. Shule itakayoweza kumfikisha mtoto hapo itakuwa imemfunza lugha tatu, sayansi na ujirani bila ya kumvisha diski la aina yoyote.